Sura ya Nne: Umbo Linaamua, Mzigo Unatii

Mwaka 1804, huko Yorkshire nchini Uingereza, George Cayley alichukua fimbo ya urefu wa mita moja na nusu hivi, akafunga tiara ya karatasi juu yake iwe bawa, na nyuma akapachika mkia wa umbo la msalaba unaoweza kugeuzwa pembe. Kisha puani akaweka kipande cha uzito kinachosogezeka. Hapakuwa na injini wala rubani. Ingepita karibu miaka 100 kabla ya ndugu wawili wa Marekani kuruka na mashine yenye mota. Lakini kwa fimbo ile yenye tiara, Cayley alikuwa ameshakabili swali ambalo mjenzi wa ndege ndogo ya rimoti hulikuta mezani kwake leo, gundi ikiwa bado haijakauka: bawa lipo, mkia upo, sasa uzito ukae wapi?

Nimeiweka sura hii kabla ya zile za mota, betri na kurusha, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Bawa lililopinda kidogo huruka. Mota dhaifu huruka, ingawa kwa taabu. Mkia uliogundishwa kombo kidogo husahihishwa kwa rimoti ndege ikiwa angani, sekunde chache baada ya kupaa. Ndege ambayo uzito wake umekaa nyuma mno haikupi hizo sekunde. Inaondoka mkononi, inainua pua, inaning'inia kidogo hewani, kisha inadondoka upande mmoja, na kazi ya wiki nzima inarudi nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Tena huwa imejengwa vizuri sana. Inauma kuona hivyo kwa sababu dakika tano za kupima zingeiokoa.

Kila kipande cha ndege kina uzito wake: mota, betri, magurudumu, hata karatasi ya kupambia. Lakini kuna mahali pamoja ambapo ndege nzima ukiiegemeza inatulia, isiangukie puani wala mkiani. Hapo ndipo kilipo kitovu cha uzito. Aliyewahi kumwona mchota maji mwenye mzega ameshaiona kanuni yake. Madebe mawili yakiwa sawa, bega hukaa katikati ya mti. Moja likipungua maji, mchukuzi husogeza bega kuelekea debe zito na mti unatulia tena. Kinachohesabiwa hapo ni uzito mara umbali wake kutoka begani, ndiyo maana debe jepesi lililo mbali huweza kulishinda debe zito lililo karibu.

Mwenye mzega, hata hivyo, ana uhuru ambao ndege haina. Yeye husogeza bega. Kwenye ndege, kinachobeba ni hewa inayolishika bawa, na mahali inapolishika pameshaamuliwa na umbo: upana wa bawa, jinsi lilivyochongoka, ukubwa wa mkia na umbali wake. Kwa bawa la kawaida, pembe yake ikibadilika, nguvu ya kunyanyua inayoongezeka au kupungua hufanya kazi karibu na robo ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma. Huwezi kuisogeza robo hiyo kwa kuweka betri kubwa zaidi.

Hili lina matokeo ambayo wajenzi wengi wapya hawayategemei. Mchoro ukisema kitovu kiwe sentimita 7 nyuma ya ukingo wa mbele, namba hiyo haijali umefunga mota gani. Kwetu Afrika Mashariki vifaa vingi husafiri mbali kabla ya kufika, na mara nyingi mtu hujenga kwa alichokipata: mota ya ukubwa wa jirani na ule ulioandikwa, betri ya kampuni nyingine, foamu nzito kidogo kuliko iliyotajwa. Uzito wa jumla utabadilika, na ndege itataka kasi zaidi wakati wa kutua. Mahali pa kitovu hapabadiliki, kwa sababu umbo halijabadilika. Umbo linaamua, mzigo unatii. Kwa hiyo usikubali kauli ya anayekuambia kwamba ndege yako ni nzito kuliko ya mchoro na hivyo kitovu chake nacho lazima kihame. Panga vitu mpaka vikubaliane na namba ile ile.

Tuchukue ndege moja tuishike mpaka mwisho wa sura. Ni ndege ya kujifunzia, bawa juu ya bodi, bawa la mstatili lenye upana wa sentimita 24. Robo yake ni sentimita 6. Ndege za aina hii huruka vizuri kitovu kikiwa kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, yaani kati ya sentimita 6 na 8 nyuma ya ukingo wa mbele. Uwanja wote wa mchezo ni sentimita mbili. Kama huna mchoro wala maelezo, anza na sentimita 6, maana ukikosea kuelekea mbele bado unaweza kuirudisha ndege salama.

Bawa lililochongoka linataka hesabu kidogo. Chukua bawa lenye upana wa sentimita 30 kwenye bodi na sentimita 20 nchani. Upana wake wa wastani, ule unaotumika kwa kazi hii, si 25 kamili kama mtu angedhani, bali sentimita 25.3, kwa sababu sehemu pana ina eneo kubwa zaidi na hivyo ina sauti zaidi. Karatasi na rula zinatosha kuupata. Chora nusu moja ya bawa. Kwenye shina la bawa, yaani linapoungana na bodi, ongeza kwa nyuma mstari wenye urefu wa upana wa ncha. Kwenye ncha, ongeza kwa mbele mstari wenye urefu wa upana wa shina. Unganisha miisho ya mistari hiyo miwili kwa mstari wa mshazari, kisha chora mstari mwingine unaopita katikati ya upana wa bawa kutoka shina hadi ncha. Mistari hiyo inapokutana, hapo ndipo upana wa wastani ulipo, na robo yake ndiyo unayoitafuta. Njia hii inafaa pia kwa mabawa yaliyolazwa nyuma, na hapo ndipo inapowaokoa watu. Kwenye ndege ya umbo la pembetatu ambayo shina lake lina sentimita 60 na ncha yake imeishia kwenye sifuri, robo ya upana wa wastani huangukia sentimita 30 kutoka puani, katikati kabisa ya shina. Anayebahatisha kwa macho hawezi kupadhania hapo. Ndege ya pembetatu isiyo na mkia huhitaji kitovu kiwe mbele ya hapo kwa sentimita kadhaa.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, yaani kwa nini kosa la sentimita mbili kwenda mbele na kosa la sentimita mbili kwenda nyuma si makosa ya uzito mmoja.

Ndege inaruka kwa utulivu, mara upepo unainua pua yake. Bawa sasa linaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi, kwa hiyo linanyanyua zaidi. Mkia nao unanyanyua zaidi. Nyongeza hizo mbili zikijumlishwa zina mahali pake pa kushikia, palipo nyuma ya ile robo ya bawa, kwa kuwa mkia unavuta hesabu upande wake. Kwenye ndege nyingi za kujifunzia mahali hapo huangukia karibu asilimia 40 hadi 50 ya upana wa bawa. Nitapaita mpaka wa nyuma. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya mpaka, nyongeza inainua sehemu ya nyuma, pua inashuka, na ndege inarudi ilipokuwa bila mtu kugusa rimoti. Kitovu kikikaa juu ya mpaka wenyewe, pua inabaki popote ilipoachwa. Kikivuka na kwenda nyuma yake, nyongeza ile ile iliyokuwa ikiokoa sasa inasukuma pua juu zaidi. Pua ikipanda, nyongeza inakua. Ikikua, pua inapanda tena. Mpaka bawa linaacha kubeba.

Umbali kati ya kitovu na mpaka wa nyuma ndio akiba yako ya utulivu. Anayejifunza anahitaji akiba ya asilimia 10 hadi 15 ya upana wa bawa. Warushaji wa sarakasi huipunguza kwa hiari mpaka asilimia 5 au chini ya hapo ili ndege igeuke upesi, lakini wao wameshazoea kuishika ndege isiyojirudi yenyewe.

Mtu wa kwanza kuonyesha utulivu huu hadharani kwa ndege yenye nguvu yake yenyewe alikuwa kijana wa miaka 21. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Alphonse Pénaud aliachia ndege ya gramu 16 iliyoendeshwa na propela ya nyuma na mpira uliosokotwa. Ilikwenda karibu mita 40 kwa sekunde 11, bila mtu kuigusa. Siri yake ilikuwa pembe ndogo. Mkia aliutega kwa pembe iliyo chini kidogo ya ile ya bawa, ukawa unasukuma nyuma ya ndege kwenda chini kwa kiasi kile kile ambacho uzito wa mbele ulitaka kuishusha pua. Ndege ikienda polepole, mkia unasukuma kidogo, pua inashuka, kasi inarudi. Ikienda kasi, mkia unasukuma zaidi, pua inapanda, kasi inapungua. Karibu kila ndege ya kujifunzia inayouzwa leo ni mjukuu wa mpira ule uliosokotwa.

Waliomfuata hawakumsoma wote. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka zaidi ya mara 2,000 kutoka vilimani, alisawazisha ndege zake kwa mwili wake mwenyewe: akining'inia, alirusha miguu mbele au nyuma ili kuhamisha kitovu. Tarehe 9 Agosti 1896 pua iliinuka, bawa likaacha kubeba, na mwili wake haukuweza kuhamisha uzito wa kutosha kwa wakati. Alifariki kesho yake. Wale ndugu wawili wa Marekani, akina Wright, nao mwaka 1903 waliruka na mashine ambayo kitovu chake kilikuwa nyuma ya mpaka, ndiyo maana ilipanda na kushuka kama iliyokuwa ikikwepa kitu hewani, mikono ya rubani haipumziki. Mwaka 1904 walijaribu kuhamishia uzito nyuma, hali ikazidi kuwa mbaya, kisha wakafanya alichofanya Cayley miaka 100 nyuma: wakafunga karibu kilo 32 za chuma mbele. Hawa walikuwa wajenzi makini kuliko wote wa zama zao, na jibu lao la mwisho lilikuwa chuma puani. Nalitaja hili kwa ajili ya vijana wanaoona aibu kuongeza uzito kwenye ndege waliyohangaika kuipunguza.

Anayerusha kwa rimoti ana upungufu ambao Lilienthal hakuwa nao: hayumo ndani. Rubani aliyeketi ndegeni huhisi pua inapoinuka kwa mgongo na tumbo, kabla hata macho hayajaona. Wewe umesimama uwanjani, ndege iko mita 80 kutoka kwako, na unachokiona ni kivuli kinachobadili umbo. Mpaka ubongo uelewe na kidole kisukume kijiti, robo ya sekunde au zaidi imepita. Ndege ndogo yenye kitovu nyuma ya mpaka hubadilika haraka kuliko hapo, unakuwa unasahihisha kosa lililopita wakati kosa jipya limeshaanza, na kila sahihisho linaongeza mtikisiko.

Kosa la mbele lina bei yake pia, ila hulipwa kwa awamu. Pua nzito inalazimisha mkia kusukuma chini muda wote, na bawa linabeba uzito wa ndege pamoja na msukumo huo. Ndege inataka kasi zaidi ili isidondoke. Wakati wa kutua unavuta eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua pua, na eleveta inafika mwisho wake pua ikiwa bado chini. Gurudumu la mbele linavunjika, au propela inachimba ardhi. Ni hasara ya jioni moja. Ndiyo maana nasema mruko wa kwanza uwe na kitovu mbele kidogo, kisha ukirudishe nyuma milimita chache kila siku ya kurusha, mpaka ndege iwe kama unavyopenda.

Kupima kwenyewe hakuhitaji kifaa cha duka. Funga kila kitu mahali pake: betri, propela, magurudumu, kifuniko, hata gundi iwe imekauka. Ndege ya mafuta ipimwe tangi likiwa tupu, kwa sababu tangi kwa kawaida liko mbele ya kitovu na mafuta yakiisha ndege inazidi kuelemea nyuma. Unapotua ndipo hali huwa mbaya zaidi, na hali hiyo ndiyo ya kupimwa. Chora alama chini ya bawa, kushoto na kulia, kwenye ile sentimita uliyoikubali. Simamisha penseli mbili kwenye vipande vya mbao, vifutio vikiwa juu, uilaze ndege alama zikiwa juu ya vifutio. Bodi ikikaa sambamba na meza, au pua ikiinama kidogo tu, kazi imekwisha.

Hapa kuna jambo dogo linalosumbua watu bila sababu. Ndege yenye bawa juu huegemezwa kama inavyoruka, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake inaning'inia chini ya vifutio, nayo hutulia. Ndege yenye bawa chini ukiiegemeza hivyo, uzito uko juu ya egemeo na kila pumzi inaipindua, mtu akadhani vipimo vyake ni vibovu. Igeuze tumbo juu. Itatulia.

Ndege kubwa isiyobebeka kwa vidole ipimwe kwa mizani mbili za jikoni. Ndege yetu ya mfano tuipe magurudumu mawili mbele na moja dogo mkiani. Magurudumu ya mbele, yaliyo chini kabisa ya ukingo wa mbele wa bawa, yanasoma jumla ya gramu 1,080, la mkiani linasoma 120, na umbali kati yao ni sentimita 70. Bodi iwe imeinuliwa ikae sambamba, kama inavyoruka. Zidisha 120 kwa 70, ugawe kwa uzito wote, yaani 1,200. Unapata 7. Kitovu kiko sentimita 7 nyuma ya magurudumu ya mbele, na kwa ndege hii hapo ni asilimia 29 ya upana wa bawa. Ni mahali pazuri.

Tuseme lakini mizani zimekupa 9 badala ya 7. Asilimia 37 na ushee. Hapo akiba ya utulivu inaweza kuwa inakaribia kwisha, na mwenye haraka atakimbilia chubwi, zile risasi za mishipi ya kuvulia, aanze kuzibandika puani. Fanya hesabu kwanza. Unataka kusogeza gramu 1,200 kwa sentimita 2, kazi ya 2,400. Pua iko sentimita 25 mbele ya mahali unapotaka kitovu kiwe. Gawa 2,400 kwa 25: chubwi za gramu 96. Ni karibu asilimia 8 ya ndege nzima, mzigo ambao bawa litaubeba kila dakika bila kupata chochote zaidi. Sasa itazame betri. Betri ya lithiamu ya kawaida kwa ndege hii ina gramu 180 hivi. Gawa 2,400 kwa 180, unapata sentimita 13.3. Ukiipeleka betri mbele kwa kiasi hicho, kitovu kimerudi mahali pake na hujaongeza hata gramu moja. Kama nafasi haipo, kata ukuta wa ndani, refusha waya, hamisha na kidhibiti cha mota kwenda mbele. Chubwi ziwe za mwisho.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini wajenzi wazuri ni wabahili sana mkiani. Kama mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu na pua iko sentimita 25 mbele, kila gramu unayoiweka mkiani inadai gramu 2.4 puani. Gundi ya kuyeyusha iliyomwagwa kwa ukarimu, rangi mikono mitatu, utepe wa mapambo: gramu 20 mkiani zinageuka gramu 48 za risasi mbele, na ndege imenenepa kwa gramu 68 kwa sababu ya urembo. Zile sevo mbili zinazovuta usukani na eleveta, za gramu 9 kila moja, zikae katikati ya bodi na fimbo ndefu zifike mkiani, isipokuwa pua yako ni nzito na unataka sevo zikusaidie kusawazisha.

Upande wa kushoto na kulia nao usisahaulike, ingawa mambo yake ni mepesi. Ning'iniza ndege kwa uzi kwenye shafti ya propela na kwenye mkia. Bawa linaloinama ndilo zito. Kipande kidogo cha chubwi kwenye ncha ya bawa jepesi kinatosha.

Baada ya hapo ndege yenyewe ndiyo inayotoa ushahidi. Ikiwa juu ya kutosha, ikiruka sambamba kwa kasi ya wastani bila kuhitaji mkono wako, zima mota na uishushe pua kwa pembe kama ya ngazi ya nyumba, kisha achia kijiti. Ikijiinua yenyewe polepole, kitovu kiko mahali pa anayejifunza. Ikijiinua kwa ghafla na kwa nguvu, ni dalili ya pua nzito: eleveta ilikuwa imeinuliwa kusaidia pua, na kasi imeupa msaada huo nguvu kupita kiasi. Ikiendelea kushuka kwa mstari ule ule, uko karibu na mpaka. Ikizidi kuchimba chini, ivute taratibu, itue, isogeze betri mbele. Jaribio hili lina walakini, kwa sababu pembe ya mota na ulaini wa foamu huweza kuyavuruga majibu, lakini ndege moja ikijaribiwa namna moja kila mara inasema kweli juu ya mabadiliko uliyoyafanya.

Wanaodhani haya ni mambo ya vitu vya kuchezea waangalie viwanja vyetu vidogo. Anayepanda ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson kwenda Maasai Mara, au kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, hupimiwa mzigo wake, na pengine huambiwa akae kiti hiki, asikae kile. Asichukie. Tarehe 8 Januari 2003 huko Charlotte, Marekani, ndege ya abiria ya injini mbili iliinua pua ilipopaa, ikagonga jengo la kutunzia ndege hapo uwanjani, na wote 21 waliokuwamo wakafariki. Wachunguzi walikuta mambo mawili: waya wa eleveta ulikuwa umerekebishwa vibaya wakati wa matengenezo, na kitovu kilikuwa nyuma ya kiwango kinachoruhusiwa. Uzito wa abiria ulikuwa umekadiriwa kwa wastani wa zamani, uliokuwa mdogo kuliko watu halisi. Marekani ikaupandisha wastani huo. Mwaka 2010 huko Bandundu, Kongo, ndege ndogo ilianguka ikiwa inakaribia kutua, watu 20 wakafa. Kwa mujibu wa simulizi ya mtu pekee aliyenusurika, mamba aliyefichwa kwenye begi alitoroka, abiria wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza usawa.

Nchini Rwanda, tangu 2016, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Pakiti hukaa tumboni, chini ya bawa, na hudondoshwa kwa parachuti ndege ikiendelea kuruka. Mzigo unaoachwa angani sharti uwe karibu na kitovu, la sivyo ndege inayobaki ni ndege nyingine yenye tabia nyingine. Vijana wetu wengi wanatamani kujenga vyombo vya aina hiyo, na baadhi yao wanavijenga tayari. Nawasihi waanze na foamu, penseli mbili na hesabu ya uzito mara umbali.

Na kwako unayekwenda uwanjani kesho: chora alama ya kitovu kwa wino usiofutika, pande zote mbili za bawa. Chora na mahali betri inapokaa ndani ya bodi, kisha ifunge kwa mkanda isiteleze. Ukibadilisha betri, propela au hata gurudumu la mkia, pima upya. Ndege isipotulia kwenye alama, usiirushe siku hiyo mpaka itulie.